Daftari na Utani: Mila na Uchumi kutoka Kutch hadi Unyanyembe

Mhadhara uliotolewa Kitete, Tabora, mbele ya walimu, wanafunzi, wafanyabiashara na wanachama wa vikundi vya akiba

 

Mada niliyopewa inahusu utamaduni, mila na maendeleo ya uchumi katika jamii za Asia ya Kusini za leo. Niliwaomba waandaaji waniruhusu nifike India na Bangladesh kwa kupitia Tabora, nao wakaridhia. Mji huu umeishi na watu wa Asia ya Kusini tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, kabla ya Mjerumani na kabla ya reli. Mtu wa Tabora anayetaka kujua mila na fedha hukutana vipi anaweza kuanza na barabara anazopita kila siku.

Lengo langu ni kuzipinga kauli mbili zinazosikika sana katika miji yetu. Ya kwanza inasema mila ndizo zinazotuchelewesha, tuziache tuendelee. Ya pili inasema Mhindi ana biashara damuni, kwa hiyo tusijisumbue kumfuata. Kauli hizi zinaonekana kugombana, lakini zote zinaichukulia mila kuwa kitu cha kuzaliwa nacho, kisichoguswa na mikono ya watu. Mimi nasema mila huzaa mali pale watu wanapoiweka kwenye chombo chenye hesabu iliyoandikwa na mlango ulio wazi kwa mgeni. Chombo kikikosa hesabu, mali hupotea. Kikifunga mlango, mali hukaa kwa wachache, na siku moja huondoka nao.

Nina hoja tano. Nitazitaja kwa namba ili wakati wa maswali iwe rahisi kunibishia. Hazitalingana urefu.

1. Mila zenyewe zilifika zikiwa mizigo

Nianze na kaniki. Mganga wa Kinyamwezi huivaa anapofanya kazi yake, na ukoo huitafuta unapotambikia mizimu. Ukimwambia kijana wa leo kwamba nguo ile ni ya kigeni, atadhani unamtania. Lakini katika karne ya 19 kaniki ilikuwa pamba iliyotiwa nili, bidhaa ya magharibi mwa India. Ilipakiwa kwenye majahazi katika bandari kama Mandvi, huko Kutch, ikavuka bahari kwa upepo wa kaskazi hadi Unguja, ikavushwa hadi Bagamoyo, kisha ikapanda mabegani mwa wapagazi mpaka hapa. Ilisafiri pamoja na merikani, nguo iliyopewa jina la nchi ilikotoka, Marekani, ambako bandari ya Salem katika jimbo la Massachusetts ilikuwa na biashara kubwa na Unguja. Kibangwa nacho, ile alama ya utemi, ni gamba la konokono wa baharini. Watu walioishi mwendo wa miezi kutoka pwani walichagua kitu cha baharini kiwe alama ya mamlaka yao.

Na maembe haya tunayojivunia, ambayo miti yake imeziba barabara zetu kwa kivuli, asili yake ni Asia ya Kusini. Yaliletwa na watu wa misafara. Huko India pia mambo ni hayo hayo. Pilipili kali, ambayo bila hiyo hakuna mchuzi wa Gujarat, ilitoka Amerika, ikafikishwa India na Wareno.

Naeleza haya kwa sababu moja. Wazee wetu hawakuwa watu wa kupokea mila na kuihifadhi sandukuni. Walitazama kilicholetwa, wakachagua, wakakipa heshima, kikawa chao. Kama wao walikuwa na ruhusa hiyo, na sisi tunayo.

2. Njia ya misafara ilisimama juu ya kuaminiana kwa aina mbili

Hapa ndipo nitakaa zaidi, maana hapa ndipo Tabora ilipozaliwa.

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, sehemu ya mji huu wa leo, Novemba 1857. Walikuta mji wa biashara ambao tayari ulikuwa na wenyewe. Mmoja wa wafanyabiashara wakubwa alikuwa Musa Mzuri, Mwislamu wa jamaa ya Khoja kutoka Surat, India, ambaye pamoja na ndugu yake Sayyan walikuwa miongoni mwa wageni wa mwanzo kabisa kufungua biashara ya pembe Unyamwezi. Speke aliporudi mwaka 1861 pamoja na James Grant, Musa ndiye aliyewakaribisha nyumbani kwake. Alifariki mwaka huohuo, hapa hapa. Hakuwa mpita njia. Alijenga, akalima, akafuga, akazeeka hapa Unyanyembe.

Nyuma ya Musa na wafanyabiashara Waarabu wa Kazeh walikuwapo wenye mitaji wa Unguja. Nyumba ya Jairam Shivji, ya Wabhatia, jamaa ya wafanyabiashara Wahindu wa Kutch, ilikodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi. Baadaye Taria Topan, Khoja mwingine wa Kutch, alishika nafasi hiyo, na ndiye aliyemkopesha Hamed bin Muhammed, yule tunayemjua kama Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapa Tabora. Hebu tufikirie mkopo wa namna hiyo ulikuwa kitu gani. Mtu anachukua majora ya nguo, shanga na waya wa shaba kwenye duka la Unguja. Hatoi fedha. Anaondoka kwenda Manyema, na huenda asirudi kwa miaka miwili, mitatu au zaidi. Njiani kuna vita, ndui, mito na kiu. Anayemkopesha hana polisi wa kumtuma Ujiji. Alichonacho ni jina la mkopaji, jina la baba yake, na habari zinazotembea kutoka mdomo hadi mdomo kati ya watu wanaooana, wanaosali pamoja na wanaozikana. Aliyedhulumu alifungiwa mkopo wa jamaa nzima, na aibu ikawafikia binti zake walio tayari kuolewa.

Huo ndio uaminifu wa aina ya kwanza. Ulikuwa imara sana, nao ulikaa ndani ya ukoo, dini na jamaa.

Uaminifu wa aina ya pili ulikuwa wa kwetu. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani kwa safari zao wenyewe na pembe zao wenyewe, na hawakungoja mtu wa pwani awafundishe njia. Mavuno yakishaingia ghalani, vijana walijikusanya, wakapata kirangozi wa kuwatangulia na mnyampara wa kuwasimamia, wakaondoka. Kijana ambaye hajaiona bahari alikuwa bado hajatimia machoni pa wenzake. Mzigo wake ulikuwa frasila mbili hivi, karibu kilo 32, ukiacha mkeka, sufuria na silaha yake. Wanawake nao walikuwamo katika misafara hiyo, wakibeba, wakipika, na wengine wakifanya biashara yao.

Msafara ule ungepitaje Ugogo na Uzaramo, nchi za watu wengine wenye watemi na majumbe wao? Kwa hongo, ndiyo, ambayo kila mmoja alijua lazima ailipe. Lakini pia kwa utani. Tunauzoea utani hata tumesahau ukubwa wake. Mzaramo au Mgogo hakuwa ndugu wa Mnyamwezi, wala hawakusema lugha moja. Hata hivyo mtani alikuwa na haki ya kuchukua kuku wako bila kukuomba, na alikuwa na wajibu wa kukulisha ukiwa msafiri na kukuzika ukifa ugenini. Matusi yake hayakuleta ugomvi. Huu ulikuwa mkataba wa watu wasiojuana, na ulifanya kazi katika njia ya zaidi ya kilomita 800 bila ofisi hata moja.

Nisiwadanganye, na wanafunzi mnisikilize hapa. Njia hii hii ilipitisha watu waliotekwa. Mitaji ya Unguja ilifadhili pembe na ilifadhili watumwa, na kati ya wenye watumwa walikuwamo Wahindi pia, hata balozi wa Uingereza Christopher Rigby, aliyekaa Unguja kuanzia 1858 hadi 1861, akawalazimisha wale waliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza wawaachie huru. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Kuaminiana kati ya wenye mali hakumlindi mtu aliye nje ya mduara wao. Hilo tulishike, nitalirudia katika hoja ya nne.

Na uaminifu wenyewe ulikatika mara nyingi. Mtemi Mnywa Sere alipoanza kutoza ushuru kwa bidhaa zilizoingia Unyanyembe, Waarabu wa Kazeh walimwondoa na kumweka Mkasiwa. Vita vilivyofuata vilimmaliza Snay bin Amir, aliyemkaribisha Burton. Miaka kumi baadaye mtemi Mirambo akaifunga njia ya Ujiji. Biashara isiyokubaliana na wenyeji juu ya sheria na ushuru huishia hapo.

3. Nguvu ya duka ilikuwa daftari

Sasa nije kwenye duka, maana najua wengi wenu ndilo mnalolisubiri.

Allidina Visram alizaliwa Kutch mwaka 1851. Alivuka bahari akiwa mtoto wa miaka kumi na kitu, akaanza kazi Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyewapatia misafara mikubwa wapagazi na bidhaa. Baadaye Allidina alifungua matawi yake mwenyewe, Saadani, Tinde hapo kaskazini ya Nzega, na Ujiji, kisha akaifuata reli ya Uganda. Alipofariki mwaka 1916 alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa Afrika Mashariki, na shule ya Mombasa inabeba jina lake hadi leo.

Njia aliyopita ni ile iliyopitwa na wengi wasiojulikana. Kijana huletwa kwa mjomba au kwa mtu wa kijiji kimoja. Hulala dukani, hufagia, hupima chumvi, hujifunza Kiswahili kwa wateja. Mwaka wa kwanza haguswi na hesabu. Mwaka wa tatu anaandika. Miaka ikitimia, yule tajiri humpa bidhaa kwa mkopo aende bara akafungue chake, na faida huanza kurudi. Hapo hakuna uchawi. Ni chuo cha miaka mingi ambacho ada yake ni jasho na cheti chake ni mkopo wa kwanza.

Tazameni sasa namna dini ilivyoingia humo. Katika sikukuu ya Diwali, wafanyabiashara Wahindu wa Gujarat hufunga hesabu za mwaka, na madaftari mapya huwekwa mbele ya mungu wao wa neema, Lakshmi, yaombewe kabla ya kuandikwa mstari wa kwanza. Mtu aliyezoea hivyo tangu utoto hawezi kuona kuandika deni la nusu kilo ya sukari kuwa jambo dogo. Kwa Waismailia sherehe yenyewe iligeuzwa kuwa mtaji. Jubilei ya imamu wao, Aga Khan III, ya mwaka 1937 ilifuatwa mwaka huohuo na kampuni ya bima ya Jubilee. Tarehe 10 Agosti 1946, Dar es Salaam, imamu huyo alipimwa kwa almasi mbele ya maelfu ya wafuasi wake, na kutokana na jubilei hiyo ukaanzishwa mfuko wa uwekezaji uliowakopesha watu kujenga na kufungua biashara. Wangeweza kuishia kwenye pilau na picha.

Mtaalamu Mjerumani Max Weber aliandika mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba dini na matabaka ya India yalizuia ubepari wa kisasa kuzaliwa huko. Hakuwahi kufika India. Baadaye Mmarekani Milton Singer alikwenda Madras akawahoji viongozi wa viwanda, na kitabu chake cha mwaka 1972 kinaonyesha watu walioendesha viwanda vikubwa huku wakiishi katika familia za pamoja, wakifuata ibada zao. Familia ya pamoja, iliyodhaniwa kuwa mzigo, ilikuwa benki yao ya kwanza. Mimi namwamini Singer zaidi, kwa kuwa alikaa akawasikiliza.

Lakini msitoke hapa mkidhani kila Mhindi aliyekuja alikuwa Taria Topan. Reli ya Uganda iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 ilileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Karibu 2,500 walifia kazini, na wengi waliobaki hai walirudi kwao. Tanganyika ilikuwa na makarani, mafundi seremala, mafundi cherehani na wauza duka waliofilisika wakaanza upya. Waliofanikiwa tunawakumbuka kwa majengo. Wengine wametoweka katika simulizi, ndiyo maana ile kauli ya biashara damuni imepata nafasi.

4. Mlango uliofungwa huwagharimu wa ndani na wa nje

Daftari lilikuwa na kasoro kubwa: ukurasa wa mkopo wa kweli uliandikwa majina ya jamaa. Mnyamwezi alikuwa mteja, mpagazi, mpishi, mshona nguo wa barazani. Mara chache sana alikuwa mwanafunzi wa duka anayengojea kupewa bidhaa afungue lake. Ukoloni wa Waingereza uliuzidisha ukuta huo kwa sheria, kwani mfanyabiashara hakuweza kumdai Mwafrika deni mahakamani kama mkopo haukuwa na kibali cha serikali. Wakasema ni kwa kumlinda Mwafrika. Matokeo yake Mwafrika hakukopeshwa. Shule zikatengwa kwa rangi, hospitali kwa rangi, hata mabehewa.

Walikuwapo waliokataa. Sewa Haji, aliyefariki 1897, alitoa jengo la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wa kila kabila na dini wapokelewe. Alitoa pia fedha za hospitali Dar es Salaam, na jina lake lipo bado katika jengo la Sewahaji pale Muhimbili. Nalitaja hilo kwa makusudi nikiwa hapa Kitete, mahali ambapo mtu wa Sikonge au Kaliua akilisikia jina lake hufikiria kwanza hospitali ya mkoa.

Na Tabora yenyewe ilikataa. Januari 1958 chama cha TANU kilikutana katika mji huu kujadili uchaguzi ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi walitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapa, aliwashawishi waingie. Tunauita Uamuzi wa Busara. Katika uchaguzi ule walipita kwa kuungwa mkono na TANU watu kama Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha, na Sophia Mustafa wa Arusha, mwanamke aliyezaliwa India. Mlango ulifunguliwa hapa, na Watanganyika wa rangi zote wakaupitia.

Haukukaa wazi wote. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi yalikuwa ya Waasia, yakiwamo ya watu waliokuwa raia. Familia nyingi ziliondoka kwenda Uingereza na Canada. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda kwa notisi ya siku 90. Hatua hizo mbili hazilingani hata kidogo kwa ukatili, na Tanzania haikumfukuza mtu kwa rangi yake. Lakini miji ya bara ilipoteza watu waliojua kutunza hesabu, bila wenyeji kuwa wameachiwa ujuzi huo. Sehemu ya lawama ni ya dola. Sehemu nyingine ni ya ule mlango wa ndani uliofungwa kwa vizazi vitatu. Nasema hivyo nikijua humu ukumbini wamo wazee waliowahi kuwa na jirani wa Kihindi wakamlilia alipoondoka.

Asia ya Kusini yenyewe imelipa gharama ya milango hiyo, tena kubwa kuliko sisi. Katiba ya India ya 1950, ambayo Bhimrao Ambedkar aliongoza uandishi wake, ilipiga marufuku unajisi wa matabaka ya chini. Sheria ya kukataza mahari wanayotozwa wazazi wa binti ilitungwa 1961. Desturi zote mbili bado zinaumiza watu. Kumwambia mtu kwamba mkono wake unanajisi maji ni dhambi, na kiuchumi ni kukitupa kipaji chake.

Lakini wako walioichukua mila wakaupanua mlango wake, na hawa ndio ningependa muwakumbuke. Mwaka 1946 wafugaji wa wilaya ya Kaira, Gujarat, waliochoshwa na madalali, waliunda ushirika wa maziwa chini ya Tribhuvandas Patel. Baadaye mhandisi Verghese Kurien akajiunga nao, na bidhaa zao zikapata jina la Amul. Kila asubuhi mwanakijiji alipanga foleni na chombo chake, maziwa yakapimwa mafuta, akalipwa kwa ubora. Foleni ilikuwa moja. Mtu wa tabaka la juu alisimama nyuma ya mtu ambaye babu yake asingekubali kumkaribia, na maziwa yao yakachanganywa kwenye pipa moja. Mwaka 1972, Ahmedabad, Ela Bhatt alianzisha SEWA, chama cha wanawake wachuuzi, wabeba mizigo na washona nguo majumbani. Mwaka 1974 wanachama 4,000 walichanga rupia kumi kila mmoja wakafungua benki yao. Wengi hawakujua kusoma. Walipigwa picha wakiwa wameshika kibao chenye namba ya akaunti, na picha hiyo ikawa saini. Akina mama wa vikundi, mkumbuke kibao hicho.

Kuvunja mila peke yake hakutoshi, na Bangladesh ni ushahidi. Mamilioni ya wanawake walitoka majumbani wakaingia viwanda vya nguo, wakapata mshahara na sauti. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliwaangukia, watu zaidi ya 1,100 wakafa, siku moja baada ya nyufa kuonekana ukutani. Wenye viwanda waliwalazimisha wafanyakazi kuingia. Uchumi ulikua, na uhai wa mfanyakazi haukuandikwa kwenye daftari la mtu yeyote.

5. Tulichonacho Unyamwezi, na tunachokosa

Reli ya Kati ilifika Tabora 1912, na upagazi wa masafa marefu ukafa. Vijana wakaenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga. Mradi wa karanga wa Urambo, ulioanza miaka ya 1940, ulishindwa mapema, na tumbaku ikashika nafasi yake. Tumbaku imesomesha watoto wa mkoa huu. Pia inakula miti, maana kukausha majani kunataka kuni nyingi, na miombo ndiyo nyumba ya nyuki wetu. Ushirika wa wafuga nyuki wa Tabora una umri wa nchi yenyewe, tangu 1962. Asali yetu inajulikana. Hata hivyo, nyingi huondoka mkoani kwa ndoo na madumu, na jina la Tabora halifiki mezani kwa anayeila.

Uaminifu tunao bado. Utani upo msibani. Upatu unachezwa kila mtaa, VICOBA vimejaa, na mama muuza mihogo anamkopesha mama muuza dagaa bila shahidi. Tunachokosa ni uvumilivu wa kuandika na kukagua. Vikundi vingapi vimekufa kwa sababu mweka hazina ni shemeji na ikaonekana ni matusi kumwomba daftari? Nimewasikia watu wakisema hesabu huvunja undugu. Uzoefu wa Kutch na wa Kaira unaonyesha kinyume chake: undugu hudumu kwa sababu hesabu imefungwa mwisho wa mwaka mbele ya wote. Na hapa sisi tuna nafasi ambayo wao hawakuwa nayo, kwa kuwa utani unamruhusu mtu kumwambia mwenzake ukweli mchungu hadharani bila ugomvi. Ningependekeza kila kikundi kimpe ukaguzi wa hesabu mtu wa kabila la watani. Ana leseni ya kuuliza fedha ziko wapi, na hakuna atakayemnunia.

Tunachotakiwa kufanya sasa

Mikataba ya reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka, na Tabora hadi Kigoma ilisainiwa kati ya 2021 na 2022. Njia panda inarudi mahali pake pa zamani. Reli ya 1912 ilitukuta hatujajipanga, ikabeba vijana wetu kama nguvu kazi. Hii inayokuja itabeba atakayekuwa tayari na mzigo wake, hesabu zake na jina lake kwenye chupa.

Nina maombi matatu, na nayatoa kwa watu waliomo humu.

Wenye maduka, wa asili yoyote, Kihindi, Kiarabu, Kinyamwezi au Kichaga: kila mmoja achukue kijana mmoja asiye wa ukoo wake, amfundishe kazi mpaka kwenye daftari, na mwisho ampe mkopo wa bidhaa kwa maandishi.

Viongozi wa vikundi na vyama vya msingi: wekeni siku moja ya mwaka ya kufunga hesabu hadharani, kwa ngoma na chakula, ili iwe sikukuu. Watoto waione wakiwa wadogo.

Wazee na familia: pale Kwihara tuna makumbusho ya tembe alilokaa mmisionari David Livingstone hadi Agosti 1872. Jina lake linafahamika dunia nzima. Waliobeba mwili wake kutoka alikofia, kijijini kwa Chitambo, wakapita nao hapa na kuufikisha Bagamoyo mwaka 1874, ni wachache tu waliohifadhiwa kwa majina. Madaftari ya maduka ya zamani, vitabu vya ushirika wa asali, barua za manamba, majina ya virangozi katika kumbukumbu za koo, vyote bado vimo ndani ya masanduku ya nyumba za mji huu. Aliye navyo asivichome wala asivifungie maandazi. Avipeleke kwa walimu wa historia wa shule iliyo karibu naye, vipigwe picha, arudishiwe. Walimu waliopo hapa wanitajie majina yao leo hii kabla hatujaondoka, ili orodha ya wapokeaji ianze.

 Sasa nibishieni.